Sinema Tuliyoiita Niko

Papa,

Nimeiona tena ile sinema. Nilidhani ilikufa siku moto wa mlima uliposhuka mpaka mtaa wa Birere, hapa Goma, ukala ukumbi wa video, mabenchi, televisheni na kaseti zote, wewe ukabaki umesimama kando ya mawe yanayofuka moshi, mikro yako ya kutafsiria mkononi, waya wake unaning'inia. Miaka yote iliyofuata sikuwahi kuitafuta. Hatukuwa hata na jina lake. Karatasi ya kwenye kaseti ilikuwa imefutika, sisi watoto wa ukumbini tukaiita Niko, na watu wazima nao wakafuata.

Mwezi uliopita nilipita Birere kwa mama mmoja anayetengeneza simu na kujaza sinema kwenye kadi. Nikamwambia, bila kutegemea kitu, kwamba natafuta moja ya zamani, yenye mwalimu anayeita majina darasani na sauti moja inazidi. Hakuinua hata kichwa.

"Ile yenye benchi ya maji?" akaniuliza. "Iko hapa."

Papa, nilimpa kadi kabla hajataja bei.

Lakini najua ulivyo. Ulikuwa unasema, "Unipe habari za nyumbani kwanza, hadithi itangoja." Basi pokea habari.

Sijakuandikia tangu tulipokuzika kwa sababu niliona haya. Wiki ile ya risasi tulikuwa watu tisa tu makaburini, na padri alisali haraka huku akitazama barabara. Wewe uliyekuwa na sauti ya kujaza ukumbi mzima, tulikusindikiza kwa kunong'ona. Nisamehe. Sasa mji umetulia, utulivu ambao usingeutambua. Ndege hazitui tena, na asubuhi ukungu wa ziwa unapanda mpaka kwetu Katoyi bila kelele ya kuupasua, ukakaa juu ya mabati kama mtu aliyekosa pa kwenda. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua. Amepanda mihogo ya sombe nyuma ya nyumba, pale ulipokuwa unaegesha chukudu, ile baiskeli yako ya mbao, anaimwagilia huku akiongea nayo Kinande.

Chumbani kwako analala Mama Solange na binti zake wawili. Ni mtu wa Masisi. Kambi yao ya wakimbizi ilibomolewa, wakaambiwa warudi kwao, na kwao hakuna hata mlango wa kubisha. Najua usingekataa. Mimi bado niko kituo cha afya, natafsiri kati ya daktari na wagonjwa: Kifaransa upande huu, Kiswahili, Kinyarwanda na Kinande upande ule. Neno gumu nalipeleka likiwa gumu vile vile. Hilo nililitoa kwako. "Masika, usitie chumvi kwenye sahani ya mwenzako," ulikuwa unaniambia tukirudi kutoka ukumbini. "Mwenye sinema amepika. Wewe unapakua."

Sasa nije kwenye hadithi.

Niliitazama siku ya Jumanne mchana, mvua ikinyesha, nimekaa kwenye kiti chako, kompyuta ya kazini magotini. Picha ya kwanza ilipofunguka, mji ule mdogo wa mlimani na ziwa jeusi chini yake, nilisikia harufu ya ukumbi. Mbao zilizolowa, karanga, mafuta ya jenereta. Nikaona mwanga ukipenya matundu ya mabati ukishuka kama nyuzi, na vumbi likielea ndani yake polepole, na wewe umesimama kushoto mwa televisheni, mkono mmoja kwenye kitufe cha sauti. Watu walikuita Muzee Sauti ingawa hukuwa na miaka arobaini. Ulikuwa mwalimu, uliyesoma shule ya mapadri, halafu vita vikakufanya mtu wa kutafsiri sinema. Uliwapa wazungu wale majina yetu ili watu wasipotee. Mwalimu wa kike ukamwita Espérance. Hata mbwa wa sinema ulimtafsiri.

Nilipokuwa mtoto niliogopa tu. Sasa niliona ilivyojengwa, na nikatamani uwe pembeni yangu nikuulize kama uliliona hilo zamani zile, au kama kazi ya kusema haikukuacha utazame.

Kwanza, ile sinema haina haraka. Karibu nusu saa hakuna kitu. Mwalimu Espérance anafika mji mgeni, anapewa nyumba, anapewa mkate, anafundishwa jinsi ya kuwasha jiko linalotoa moshi. Watu ni wema. Na wewe unaanza kuwapenda wale watu, ndipo mwalimu anafungua daftari la majina asubuhi ya kwanza. Majina thelathini. Kila mtoto anaitika, kwa Kifaransa cha ile sinema wanasema présent, na wewe ulisema "niko." Niko, niko, niko, mpaka la thelathini. Mwalimu anafunga daftari. Na nyuma ya darasa sauti ndogo, ya mtoto aliyechelewa kuitwa, inasema: "Niko."

Mwalimu anainua macho. Watoto thelathini wanamtazama. Hakuna aliyegeuka.

Hapo ndipo penye ufundi, Papa. Hakuna aliyegeuka. Kama mtoto mmoja angepiga kelele, tungeogopa kidogo na kucheka. Lakini wale watoto walikwisha zoea. Mwenye kutunga sinema hakutuonyesha mzimu, alituonyesha mazoea. Toka mwanzo hadi mwisho hatumwoni yule wa thelathini na mmoja. Hakuna uso, hakuna mkono unaotoka gizani. Kuna benchi la nyuma tu, ambalo kila asubuhi lina maji, na mwalimu analifuta kwa kitambaa, na kesho yake lina maji tena. Unakumbuka akina mama wa soko walivyokuwa wakivuta vitenge vyao kila kitambaa kile kilipotokea? Kitambaa tu.

Jambo lingine sikuliona zamani. Ile sinema haina mtu mbaya. Katikati kabisa, bila kuficha, mzee mwenye kufungua kanisa anamwambia mwalimu kilichotokea: mji wa kwanza ulikuwa chini, bondeni, na maji ya bwawa yalipovunja ukingo watu walikimbia kupanda mlima, na mtoto mmoja akabaki nyuma. Kila nyumba ilidhani yuko na nyumba nyingine. Walipofika juu wakahesabiana, wakamkosa, na maji yalikwisha funika. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jina lake. Mtungaji mwingine angeshika siri hiyo mpaka mwisho ili atushtue. Huyu anaitoa mapema kabisa. Baada ya hapo huogopi tena sauti ya nyuma ya darasa. Unawaogopea wale wazazi wenye mikate. Unajiuliza ni nani atakayefungua mdomo kwanza, na kama ataweza.

Nilipofika hapo nilisimamisha picha. Mvua ilikuwa imepungua. Mama alikuwa uani na Mama Solange wakichambua maharagwe, na nikawaza kwamba katika nyumba yetu pia kuna jina ambalo sijalisikia tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

Anselme.

Nimeliandika, Papa. Liko hapo.

Nakumbuka vipande tu. Tulitoka mji wetu wa Kiwanja asubuhi, watu wote barabarani wakielekea Goma, magodoro vichwani, mbuzi, sufuria. Ukungu ulikuwa mzito hata mtu wa mbele yako alikuwa kivuli. Anselme, mdogo wangu, alikuwa na miaka minne, alikaa mabegani mwako, ameshika masikio yako kama mtu anayeendesha baiskeli. Karibu na Rumangabo, pale msitu wa mbuga unapokuja mpaka barabarani, nilikanyaga kitu chenye ncha na mguu ukapasuka. Nililia. Ulimshusha Anselme, ukamwambia, "Simama hapa, ushike suruali yangu." Ukapiga magoti ukanifunga mguu kwa kipande cha kitenge cha Mama. Kisha risasi zikalia upande wa msitu na watu wote wakawa kitu kimoja, kama maji, wakatubeba. Ulinishika mimi. Uliponyoosha mkono wa pili kwenye suruali, hapakuwa na mtu.

Ulirudi. Hilo nalikumbuka vizuri. Ulituacha kwenye nyumba ya mawe na ukarudi mara mbili, na mara ya pili ulikuja na kiatu ambacho hakikuwa chake. Baadaye, Katoyi, ulikwenda kila mahali walipobandika karatasi za watoto waliopotea. Mwaka, miaka miwili. Halafu siku moja ulivua viatu mlangoni, ukakaa, hukwenda tena. Na jina lake likaondoka nyumbani, bila mtu kulifukuza. Mama akipakua chakula, mkono wake ulisita juu ya sufuria kidogo, kisha akafunika.

Nikaifungua sinema tena, niende mwisho. Mwisho wake niliujua kwa moyo, kama watoto wote wa ukumbini walivyoujua.

Mwalimu Espérance anawaita wazazi wote shuleni siku ya Jumapili. Anawakalisha kwenye mabenchi ya watoto, magoti yao yamepanda hadi kidevuni, watu wazima wamekuwa wadogo. Anafungua daftari, anaita majina ya watoto wao, na wao wanaitikia. Kisha anashika kalamu, anangoja. Mama mmoja mzee anasimama, anataja jina la mtoto. Mwalimu analiandika. Analiita. Kamera inageukia benchi la nyuma.

Na hapo, Papa, wewe ulisema. Uliinamia mikro, ukatoa ile sauti yako ndogo ya mtoto, na ukumbi wote ukaisikia:

"Niko. Siko na kasirani na nyinyi. Mulikimbia. Kama ni mimi, ningekimbia pia. Muende nyumbani, mukule."

Watu walilia ukumbini. Watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Walikale, kila mmoja alikuwa ameacha mtu njiani. Walirudi kila Jumamosi mchana kusikia maneno yale. Kulikuwa na papa mmoja muuza chumvi aliyekuja dakika kumi kabla ya mwisho, akasimama mlangoni, akasikia, akaenda zake.

Basi nilikaa kwenye kiti chako nikingoja maneno hayo kwa Kifaransa.

Hayapo.

Mwalimu anaita jina. Kamera inatazama benchi la nyuma. Limekauka. Mwanga wa dirisha umelala juu yake. Hakuna anayejibu. Picha inakaa pale muda mrefu sana, hata nikadhani kompyuta imekwama, na unachosikia ni watu wazima wakipumua. Kisha mwalimu anafunga daftari, na sinema imekwisha.

Nilirudisha nyuma mara tatu. Niliongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna kitu, Papa. Mtoto hasemi. Ule ndio ufundi wa kazi yote: yule aliyeitika siku zote bila kuitwa, siku anapoitwa kwa jina lake haitiki tena. Unaelewa kwamba ameondoka, na kwamba hutajua kamwe kama alikusamehe. Mtungaji alikuacha na benchi kavu na moyo wako mwenyewe.

Nilikasirika. Nitakuambia ukweli kwa sababu maiti hadanganywi. Nilifunga kompyuta nikatoka nje nikasimama kwenye matope bila kujua nimefuata nini. Mtu aliyenifundisha kutotia chumvi alikuwa amemwaga mfuko mzima. Nimekaa miaka kumi na mbili mbele ya wanawake walioniangalia usoni wakitaka nipunguze neno la daktari, na sikupunguza, kwa sababu yako. Na zaidi ya hapo, Papa, mimi ni yule mwenye mguu uliopasuka. Maneno yale ya mtoto wa benchi nimelala nayo tangu utotoni. Niliyashika kama yamesemwa na mtu. Kumbe ni wewe tu, na kitufe cha sauti.

Kisha nikakumbuka ile siku Mama alipokuja.

Mama hakupenda ukumbi. Alisema unanuka mafuta. Alikuja mara moja tu, Jumamosi moja ya mvua, nadhani mtu alimwambia sinema inahusu nini. Aliingia katikati, mwenye ukumbi akampa nafasi mbele kabisa, karibu na spika. Nilikuona ulipomwona. Ulikatika. Mwalimu Espérance alisema sentensi nzima na wewe hukuitafsiri, watu wakaanza kunung'unika, ndipo ukaendelea. Na siku ile mwisho ulikuwa mrefu kuliko siku zote. Mtoto wa benchi alisema, alisema, mpaka maandishi yalianza kupanda kwenye kioo na wewe bado unasema. Nilidhani ulikuwa unampa Mama zawadi. Nilipokumbuka hilo, hasira ilipungua. Nikajiambia: Papa aliongeza chumvi kwa ajili ya Mama, amfute machozi. Mume anaweza kufanya hivyo.

Nilikuwa nimekosea, na ndiyo sababu nakuandikia.

Mama Solange alikuwa ameona picha kidogo juu ya bega langu alipopita. Kesho yake aliwasimulia wenzake, wale waliotawanyika kwenye parseli, viwanja vya watu, tangu kambi ibomolewe, na siku mbili baadaye wakanijia wanne. Walitaka kuiona. Paroko alitupa sale, ule ukumbi wa parokia, Jumapili mchana, baada ya misa ya pili. Nilipomwambia Mama, nilitegemea atasema magoti yanauma.

"Weka," akasema. "Na mimi nitakuja."

Walikuja wengi kuliko viti. Betri ya sola ya parokia ilitosha kwa projekta na spika moja. Tulifunga pazia lakini mwanga uliingia pembeni, na wale wanawake walionekana nusu, kama wamechorwa kwa makaa. Nje ukungu ulikuwa umeshuka tena. Nilisimama kushoto. Kutafsiri kwa daktari ni kitu kimoja, kwa ukumbi ni kingine. Nilianza vibaya, nikawa nakimbiza maneno, ndipo nikakukumbuka ukisema, "Waache wapumue," na nikapunguza mwendo. Mwalimu alifika mjini. Alipewa mkate. Aliita majina. Sauti ya nyuma ilipoitika, binti mdogo wa Mama Solange alipanda mapajani mwa mama yake, na sale nzima ikavuta pumzi mara moja.

Nilikuwa sijaamua. Nataka ujue hivyo. Muda wote nikitafsiri, nusu ya akili yangu ilikuwa kule mwisho, nikijiuliza niseme maneno yako au ninyamaze. Mbele yangu walikaa watu wenye haki ya kudanganywa kidogo. Mmoja wao namjua kutoka kituoni. Aliacha mama yake mzee ndani ya nyumba kwa sababu hakuweza kubebwa. Na Mama alikuwa mbele kabisa, karibu na spika, amenyoosha miguu.

Mwalimu aliwakalisha wazazi. Aliita majina. Yule mama mzee akasimama, akataja. Mwalimu akaita.

Benchi.

Nilifungua mdomo. Maneno yako yalikuwa kwenye ulimi, yote, kwa sauti yako ndogo. Nikatazama upande wa Mama. Hakuwa anatazama picha. Alikuwa ananitazama mimi, na alitikisa kichwa, kidogo tu, kama anavyomkataza mtoto anayenyoosha mkono kwenye sufuria ya moto.

Nikashusha mikro.

Ule ukimya sijui nikuelezeje. Kwenye kompyuta ulikuwa mrefu. Pale, pamoja na watu sitini, haukuwa na ukingo. Nilisikia mvua inaanza kudondoka juu ya mabati, tone moja moja. Nilisikia mtu akimeza mate. Kisha mwanamke mmoja kule nyuma akasema jina. "Nyirahabimana." Taratibu tu, kama unavyosema jina mtu akikuuliza. Ni yule aliyemwacha mama yake. Mwingine akasema, "Bahati." Mwingine, "Papa Jules." Mama Solange alisema majina mawili, nami sikuwa nimejua kwamba alikuwa na watoto wanne. Sinema ilikuwa imekwisha zamani, ukuta ulikuwa mweupe, na majina yaliendelea kutoka huku na huku, bila mpango, mengine kwa wakati mmoja.

Mama alikuwa wa mwisho, au karibu na mwisho.

"Anselme," alisema. "Anselme wangu."

Sauti yake ilikuwa ya msichana. Sikuwa nimeisikia kabla.

Tulirudi nyumbani polepole, ameshika mkono wangu kwa sababu ya mawe. Karibu na kona ya kinu nilishindwa kujizuia, nikamwambia, "Mama, Papa alikudanganya. Mtoto hasemi kitu mwisho."

"Najua."

"Umejua leo?"

"Nilijua siku ile ile. Nilikaa karibu na spika, Masika. Papa yako alipunguza sauti lakini sikio langu lilikuwa pale. Hakukuwa na mutoto. Kulikuwa na bwana yangu tu."

Nikamwambia ulifanya hivyo kwa ajili yake, kumfariji. Mama alisimama. Alinitazama kama mtu anayetafuta kama nimekua.

"Kwa ajili yangu?" akasema. "Mimi sikumushusha mutoto chini. Mimi sikuwa na cha kusamehewa. Ni yeye alikuwa anatafuta ile jibu, kila Jumamosi, na mutu wa kumupa hakuwa. Basi alijipa mwenyewe. Nilikaa pale nikamusikiliza anajiombea musamaha na sauti ya mutoto wake. Ningesimama niseme, muzee, unadanganya batu?"

Tukatembea kidogo.

"Nilirudi nyumbani nikamupikia," akasema. "Ndiyo maneno nilikuwa nayo."

Papa, miaka yote hiyo. Wewe ulidhani umemficha, na yeye alijua, akakuachia. Hamkuwahi kuongea. Nyumba moja, kitanda kimoja, na kila mmoja akimlinda mwenzake na jina lile lile.

Nikamuuliza Mama swali ambalo sijawahi kumuuliza mtu. Nilimuuliza kama aliwahi kuwaza kwamba ni mguu wangu uliompoteza Anselme. Aliendelea kutembea mpaka tukafika mlangoni. Alivua viatu, akakaa kwenye kiti chako, akanivuta nikakaa chini mbele yake nikiwa na umri huu, akashika mguu wangu wa kushoto. Kovu bado lipo. Alilipapasa kwa kidole gumba.

"Niliwaza," akasema. "Wiki moja. Halafu nikaona ulikuwa na miaka tisa."

Ilinitosha. Sikujua kwamba ukweli usio na chumvi unaweza kushiba hivyo.

Sasa sina hasira na wewe. Nimefikiri sana kuhusu kazi yetu, yako na yangu. Bado naamini sinema ile ina nguvu zaidi bila maneno yako. Mtungaji alijua: ukiwajazia watu ukimya, unawanyang'anya nafasi ya kuweka majina yao. Nimeliona kwa macho yangu. Lakini najua pia kwamba wale wa zamani, wale wa Jumamosi, walikuwa bado na matope ya njiani miguuni. Pengine kwao ukimya ungekuwa jiwe juu ya jiwe. Pengine wewe ulipakua kadiri ya matumbo yaliyokuwa mbele yako, likiwemo lako. Sitaweza kuamua, na nimeacha kujaribu.

Naomba tu ujue hili. Ulinishika mimi, na nilifika. Niliolewa, nikazaa, nimezeeka kidogo. Kila nilipotembea, nilitembea kwa mguu ulioufunga. Sijawahi kukushukuru, kwa sababu kukushukuru kungekuwa kulitaja lile jina. Leo naweza. Asante, Papa.

Mama ameandikisha misa. Alikwenda mwenyewe kwa mwandishi wa parokia, na alipoulizwa nia ya misa alitaja majina yenu wote wawili, lako na la Anselme, na alisimama pale akihakikisha yameandikwa sawasawa. Mwandishi alimuuliza tarehe ya kifo cha mtoto. Mama akamwambia aache nafasi wazi.

Halafu kuna jambo moja ameniomba. Anataka kufika Rumangabo, pale msitu unapokaribia barabara. Hajapita njia ile tangu siku ile. Kwa sasa njia si salama na kuna vizuizi, lakini njia hufunguka, hata hizi za kwetu. Nakuahidi, itakapofunguka nitampeleka. Tutashuka kwenye gari, nitamshika mkono kwa sababu ya magoti, nitamwonyesha mahali kadiri ninavyopakumbuka. Atasema anachotaka kusema, kwa Kinande chake, nami nitasimama kando yake na sitamtafsiria mtu yeyote.

Pumzika sasa, Papa. Umesema vya kutosha. Ukikutana naye huko, muache aanze yeye.

Mtoto wako,
Masika